MALIPO YA UGONJWA NA ULEMAVU KAZINI: HESABU ZAKE ZINAVYOKWENDA
Maelezo kwa wakaazi wa Unguja na Pemba walioajiriwa Tanzania Bara, na kwa watendaji wanaowahudumia

Wananchi wengi wa Visiwani wameajiriwa Tanzania Bara, khasa Dar es Salaam na Tanga, katika bandari, viwanda, mahoteli, ujenzi na ofisi za umma. Mmoja wao anapougua au kuumia kazini, aghalabu hupanda boti akarudi nyumbani kuuguzwa na jamaa zake. Jambo hilo ni la kiutu na halina lawama. Hasara huja pale anapoondoka bila ya kujua anastahiki malipo gani, yanakokotolewa kwa njia gani, na ni karatasi zipi zitakazodaiwa baadaye. Akishapona, au akishabaki na ulemavu, hujikuta hana la kuonyesha isipokuwa kovu.

Makala haya yanakusudia kueleza hesabu hizo hatua kwa hatua. Yanamhusu mfanyakazi mwenyewe na jamaa zake. Yanawahusu pia Masheha, maafisa wa ustawi wa jamii na watumishi wa hospitali zetu, kwani wao ndio wa mwanzo kuulizwa.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Malipo haya hayatolewi kwa kuangalia ukubwa wa maumivu wala ukubwa wa familia ya mgonjwa. Hutokana na tarakimu tatu: mshahara ulioandikwa, kiwango cha ulemavu kilichothibitishwa na daktari, na muda. Kila tarakimu kati ya hizo hukaa katika karatasi. Karatasi ikikosekana, tarakimu hupotea. Na tarakimu ikipotea, haki nayo hupungua au huondoka kabisa.

SHERIA NI MBILI

Mambo ya kazi na ajira si mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na ina Mfuko wake wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 20 ya mwaka 2008.

Kinachoamua sheria ipi itumike ni ajira, si mahali alikozaliwa mtu wala mahali anapouguzwa. Mzaliwa wa Wete aliyeajiriwa na kiwanda cha Dar es Salaam hufuata sheria za Bara, hata akiwa amelazwa Mkoani katika Hospitali ya Abdalla Mzee. Kwa upande wa pili, mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar asichukue hesabu zinazofuata hapa akazidai kama zake. Zake zimo katika sheria za Zanzibar na katika kanuni za utumishi wake.

SWALI LA KWANZA: MARADHI YAMETOKANA NA NINI?

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, lazima ijulikane kama ugonjwa au jeraha limetokana na kazi au la. Homa ya kawaida, kisukari, au ajali iliyompata mtu katika shughuli zake binafsi humpeleka kwenye likizo ya ugonjwa, ambayo hulipwa na mwajiri. Ajali iliyotokea mtu akiwa kazini na kwa sababu ya kazi, au maradhi yaliyosababishwa na kazi yenyewe, humpeleka kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Milango hii ni miwili, na kila mmoja una hesabu yake.

Ili maelezo yawe mepesi, tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Tuseme yuko fundi wa umeme, mkaazi wa Pemba, aliyeajiriwa katika kiwanda Dar es Salaam kwa mshahara wa Sh. 900,000/= kwa mwezi.

MLANGO WA KWANZA: LIKIZO YA UGONJWA

Sheria ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36 ya ajira. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Sikukuu ikiangukia ndani ya likizo, nayo huhesabiwa kuwa ni siku mojawapo.

Siku 63 ni sawa na wiki 9. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, Sheria hupata mshahara wa wiki kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333. Kwa fundi wetu, Sh. 900,000/= zikigawiwa kwa 4.333 hutoa takriban Sh. 207,700/= kwa wiki. Kwa wiki 9 za mwanzo atapata kiasi cha Sh. 1,869,400/=. Kwa wiki 9 za pili atapata nusu yake, yaani kiasi cha Sh. 934,700/=.

Wengi hudhani kuwa siku 126 hurudi upya kila mwaka. Sivyo. Mfanyakazi aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2024, mzunguko wake wa kwanza unakwisha tarehe 28 Februari 2027. Akiugua kwa siku 40 katika mwaka wa kwanza, hubakiwa na siku 86 tu hadi mzunguko huo umalizike: siku 23 za mshahara kamili na siku 63 za nusu mshahara. Hivyo basi, anayelazwa mara ya pili katika mwaka wa tatu asishangae kuona mshahara wake umeshuka mapema kuliko alivyotarajia. Aombe kuonyeshwa daftari la likizo zake, na ahesabu mwenyewe.

Mwajiri halazimiki kulipa siku hizo iwapo mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari aliyesajiliwa. Anayeondoka Dar es Salaam akiwa mgonjwa na kuja kutibiwa Unguja au Pemba ahakikishe kuwa anapata cheti kutoka hospitali iliyompokea, chenye jina lake kamili kama lilivyo katika mkataba wa kazi, tarehe aliyoanza kutibiwa, na siku alizopumzishwa. Nakala aipeleke kwa mwajiri wake mara moja. Kukaa nyumbani bila ya cheti huhesabiwa kuwa ni utoro, na utoro hauna malipo. Huenda ukamvunjia mtu ajira yake.

Vilevile, mwajiri halazimiki kulipa likizo ya ugonjwa kwa siku ambazo mfanyakazi analipwa kwa sheria nyingine au na mfuko mwingine. Yaani haiwezekani siku moja ya ugonjwa ikalipwa mara mbili.

MLANGO WA PILI: FIDIA YA KUUMIA KAZINI

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango mwezi wa Julai 2015, na ukaanza kulipa mafao mwezi wa Julai 2016. Michango hiyo hutolewa na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kukatwa katika mshahara wa mfanyakazi. Hapo mwanzo mwajiri wa sekta binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara anayoilipa, na wa sekta ya umma asilimia 0.5. Kiwango cha sekta binafsi kikapunguzwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na mwaka 2022 kikafikishwa asilimia 0.5, sawa na cha sekta ya umma.

Tarakimu ya msingi katika fidia hii ni asilimia 70 ya mapato ya mwezi. Fundi wetu wa Sh. 900,000/= ana msingi wa Sh. 630,000/=. Hesabu zake zote zitaanzia hapo. Mtu huweza kuuliza kwa nini isiwe asilimia 100. Jawabu ni kuwa fidia ya namna hii, katika nchi nyingi, huwa ni sehemu ya mshahara na si mshahara wenyewe. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 uliweka kiwango cha chini cha asilimia 50 kwa aliyeumia kazini na asilimia 45 kwa mgonjwa wa kawaida.

(a) Ulemavu wa muda. Huu ni ule wa mtu aliyeumia, hawezi kufanya kazi kwa sasa, lakini anatarajiwa kupona. Hulipwa asilimia 70 kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Fundi wetu akivunjika mguu na kukaa nje ya kazi miezi 5, fidia yake ni Sh. 630,000/= mara 5, yaani Sh. 3,150,000/=.

(b) Ulemavu wa kudumu. Matibabu yakishamalizika na mtu akabaki na upungufu wa viungo au wa nguvu, daktari humpima na kutoa kiwango cha ulemavu kwa asilimia. Hapa njia hugawika. Kiwango kikiwa asilimia 30 au chini yake, hulipwa fedha za mkupuo mara moja. Kikizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Hesabu ya mkupuo ni hii: asilimia 70 ya mapato ya mwezi, mara 84, mara kiwango cha ulemavu. Fundi wetu akipimwa asilimia 10, atalipwa Sh. 630,000/= mara 84 mara 10 kwa 100, yaani Sh. 5,292,000/=.

Hesabu ya pensheni ni hii: asilimia 70 ya mapato ya mwezi, mara kiwango cha ulemavu. Akipimwa asilimia 50, atapata Sh. 315,000/= kila mwezi. Akipimwa asilimia 100, atapata Sh. 630,000/= zote. Hesabu hizi hupigwa kabla ya kuangaliwa viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa kwa mujibu wa Sheria. Aliyeumia kiasi cha kuhitaji mtu wa kumhudumia daima huweza kuongezewa malipo ya mhudumu, ambayo ni asilimia 40 ya pensheni yake.

UZITO WA ASILIMIA MOJA

Msomaji atazame kwa makini mpaka ulioko kwenye asilimia 30, kwani hapo ndipo penye uzito mkubwa kuliko pote.

Fundi wetu akipimwa asilimia 30 kamili, atalipwa Sh. 15,876,000/= kwa mara moja, na mambo yatakuwa yamekwisha. Akipimwa asilimia 31, hatapata mkupuo huo, atapata Sh. 195,300/= kila mwezi. Kwa anayetazama haraka, milioni kumi na tano na ushei ni neema, na laki moja na tisini ni kidogo. Lakini namba 84 iliyomo katika hesabu ya mkupuo ni miezi, na miezi 84 ni miaka 7. Maana yake ni kuwa mkupuo ni pensheni ya miaka 7 iliyolipwa mapema. Ile ya asilimia 31 ifikapo mwezi wa 82 huwa imeshaupita mkupuo, na bado inaendelea. Kwa kijana wa miaka 30, tafauti hiyo ni kubwa mno.

Hatusemi haya ili watu wamshawishi daktari aongeze asilimia. Hilo ni kosa, na anayethibitika kudanganya huharibu madai yake mwenyewe. Tunasema ili mgonjwa asikipuuze kipimo. Aende siku aliyoitwa, achukue picha zake za eksirei na karatasi zote za hospitali, na aeleze kila kiungo kinachomsumbua hata kama anaona ni kidogo. Jeraha la bega likiandikwa na la mkono likisahauliwa, kiwango hutolewa kwa lile lililoandikwa tu. Asiyeridhika na uamuzi wa Mfuko anayo haki ya kuomba uangaliwe upya, na baadaye kukata rufaa. Afanye hivyo mapema na kwa maandishi.

MSHAHARA ULIOANDIKWA

Tumesema kuwa hesabu zote huanzia kwenye mapato ya mwezi. Mapato hayo ni mshahara pamoja na posho za kudumu zinazolipwa kwa kawaida. Hayamo marejesho ya gharama wala malipo ya masaa ya ziada yanayokuja mara mojamoja.

Baadhi ya waajiri huandika mshahara mdogo katika vitabu na kumlipa mfanyakazi kilichobaki mkononi, ili kupunguza kodi na michango. Mfanyakazi hufurahi kwa kuwa naye makato yake hupungua. Furaha hiyo ni ya siku za afya. Fundi wetu anayepokea Sh. 900,000/= lakini ameandikwa Sh. 500,000/= akiumia, msingi wake utakuwa Sh. 350,000/= badala ya Sh. 630,000/=. Kwa kila mwezi wa ulemavu wa muda atakosa Sh. 280,000/=. Kwa ulemavu wa kudumu wa asilimia 10, atalipwa Sh. 2,940,000/= badala ya Sh. 5,292,000/=; hasara ya Sh. 2,352,000/=. Waliotangulia walisema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Karatasi ya mshahara ya kila mwezi ndiyo daftari la mfanyakazi. Aiombe, aisome na aihifadhi.

ULEMAVU USIOTOKANA NA KAZI

Inawezekana mtu akapata ulemavu wa kudumu kwa maradhi ambayo hayahusiani na kazi yake, kama vile kiharusi. Huyo hana dai katika Mfuko wa Fidia. Atazame mfuko wa hifadhi ya jamii anaochangia: NSSF kwa sekta binafsi, au PSSSF kwa utumishi wa umma. Mifuko hiyo hupokea jumla ya asilimia 20 ya mshahara kila mwezi kutoka kwa mfanyakazi na mwajiri wake. Katika NSSF, pensheni ya ulemavu humhusu mwanachama aliyepoteza angalau theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia kipato. Kiasi chake hutegemea idadi ya miezi aliyochangiwa na mshahara uliochangiwa. Kwa hiyo, hapa tena, mwezi usiochangiwa na mshahara uliopunguzwa humrudia mgonjwa.

MUDA HAUNGOJI

Mwajiri anapopewa taarifa ya ajali anatakiwa kuifikisha kwa Mfuko wa Fidia ndani ya siku 7. Kwa upande wa mfanyakazi, taarifa isipofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12 tangu ajali ilipotokea, haki ya fidia huweza kupotea. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoweza kuumia mara ya pili. Anayerudi Pemba akiwa na mguu uliofungwa, akakaa mwaka mzima akitazamia kupona, hugutuka muda umeshapita.

Kwa hiyo, anayeumia kazini Bara, yeye mwenyewe au jamaa yake, atimize mambo haya kabla ya kupanda boti au mara tu anapofika:

1. Ampe mwajiri taarifa ya ajali kwa maandishi, yenye tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia, na abaki na nakala.

2. Ahifadhi karatasi za hospitali ya kwanza iliyompokea, kwani hizo ndizo zinazounganisha jeraha na kazi.

3. Akihamia hospitali ya Unguja au Pemba, aombe barua ya rufaa, ili matibabu ya huku yaonekane kuwa ni mwendelezo wa yale ya kule.

4. Ahifadhi mkataba wa kazi, karatasi za mshahara na kitambulisho.

5. Asikubali malipo ya papo kwa papo kutoka kwa mwajiri kwa masharti ya kutia saini kuwa hana madai tena, kabla hajaielewa hesabu iliyoelezwa hapa.

KWA WALIOKO VISIWANI

Mfanyakazi aliyeajiriwa Zanzibar na anayechangiwa ZSSF aelewe kuwa miongoni mwa mafao ya Mfuko huo limo fao la ulemavu. Masharti yake ayaulize katika ofisi za ZSSF Unguja au Pemba, na mtumishi wa Serikali aanzie kwa Afisa Utumishi wake. Hali za wenye ulemavu kwa jumla zinasimamiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2006.

Yako pia malipo ambayo hayana hesabu ya mshahara kabisa. Pensheni Jamii, iliyoanza mwezi wa Aprili 2016, hutolewa kwa mzee wa Zanzibar aliyefikia umri wa miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza kwa Sh. 20,000/= kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi Sh. 50,000/=. Kiwango chake ni kimoja kwa wote. Lakini isichanganywe na fidia wala na pensheni ya ulemavu: hii hutazama umri, na zile hutazama mshahara, kipimo cha daktari na muda.

Masheha na watumishi wa afya wanaombwa kumwuliza kila anayerejea kutoka Bara akiwa na jeraha maswali matatu: umeumia lini, mwajiri wako amearifiwa, na karatasi zako ziko wapi? Maswali hayo huchukua dakika chache, na huenda yakamwokolea mtu pensheni ya maisha yake yote.